Joto la Kuazima

Siku hiyo mjinga alikuwa Msabaha. Hilo halina ubishi, na wa kwanza kulikiri ni yeye mwenyewe, ingawa hulikiri kwa kicheko huku jicho moja likiwa mlangoni, asije akaingia mtu anayeijua hadithi kuliko yeye. Wala haukuwa ujinga wa uvivu. Ulikuwa ujinga wa bidii, ujinga wa mtu aliyekunja mikono ya shati, akafagia, akapamba, akatoka jasho, na alipokwisha kujiharibia akasogea nyuma kuitazama kazi yake na kusema, "Mashaallah!"

Alichokuwa akikitazama ni ukumbi wanamokutania wazee wa Baraza la Jumatano, huko Neasden, London. Siku za kawaida ulikuwa ukumbi wa kaunsili, yaani serikali ya mtaa, kama kumbi zote za kaunsili: sakafu ya plastiki iliyobanduka pembeni, viti vya kupandanishwa, na harufu ya viatu vya watoto waliocheza mpira humo jana yake. Leo ulitandikwa mazulia mekundu kutoka dukani kwa Chandrakant kule Kenton, vibandiko vya bei vikiwa vimekunjiwa chini visionekane. Chetezo kilifuka udi. Biriani ilikuwa jikoni imefunikwa, halua imekatwa, buli la kahawa linasubiri zamu yake. Na kandokando ya kuta, zimejipanga kama wageni waliowahi mwaliko, zilisimama hita za umeme za kila umbo na kila umri. Wanachama walikuwa wamezibeba kutoka majumbani mwao, nyingine ndani ya mabasi, zimefunikwa kanga kama watoto wachanga. Nje theluji ilikuwa inayeyuka na kuwa tope. Ndani palikuwa Unguja mwezi wa Machi kabla ya mvua.

Ukumbi wenyewe, ukiuacha peke yake, haukuwa na joto hata la kuyeyusha siagi. Boila yake, mtambo wa gesi wa kupasha joto, ilikufa wiki moja baada ya Idi, na tangu hapo wazee walikuwa wakila wali wamevaa makoti na wakishika vikombe vya chai kwa ajili ya vidole zaidi kuliko koo. Kaunsili ilisema boila ni mzigo wa mpangaji, na ukumbi usio na joto si mahali pa kukusanyia wazee: ikifika mwisho wa Machi bila matengenezo, mlango utafungwa. Na mlango huo ukifungwa, hapakuwa na mwingine. Wengi wa watu hawa waliingia London vijana, wametoka Unguja na Pemba miaka ile ya kukimbia, wakafanya kazi za maposta, za mahospitali na za treni mpaka mvi zikawapata. Watoto wao walikuwa wamehamia mbali, na wajukuu wakiulizwa kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza.

"Siku zote nyingine ulimi wangu umelala," alizoea kusema Bi Mwanamwema, mkubwa wao wote, mjane wa Kipemba aliyekaa peke yake Kilburn. "Jumatano naupeleka matembezini."

Habari ya msaada aliileta Chandrakant. Huyu alizaliwa Unguja mtaa mmoja na Msabaha, wakasoma darasa moja, wakapigwa fimbo moja, na sasa kila Jumatano, akishatoka kusali kwenye hekalu jeupe la mawe la Wahindu lililo jirani, huja barazani kupiga soga. Alisikia kwamba kampuni ya gesi hutoa sehemu ya faida yake kila mwaka kuvisaidia vyama vidogo vya mitaa inakouza gesi.

"Mwaka mzima wanatuunguza kwa bili," alisema. "Mara moja watupashe moto kwa wema."

Basi Msabaha, ambaye alikuwa katibu wa baraza na ambaye miaka yote aliyokata tiketi katika treni za chini ya ardhi hakuwahi kuonekana bila tai, akaomba. Kampuni ikajibu kwamba afisa wake atakuja kuona hali ilivyo. Hapo ndipo Msabaha alipokunja mikono ya shati.

"Yakhe," Chandrakant alimwambia asubuhi ile wakitandika mazulia, "mtu anakuja kuona kama tuna baridi, nawe unamkokea moto?"

"Mgeni ni mgeni, Chandu. Unataka nimpokee kwenye barafu? Kwanza apate heshima yake. Ale, ashibe, anywe kahawa. Shida atazisikia baada ya kahawa."

Na hapo Msabaha hakuwa akitunga lake. Ndivyo walivyolelewa wote. Kwao mtu akiulizwa habari husema njema, hata kama paa linavuja juu ya kichwa chake wakati anapolisema neno hilo. Mwenye msiba husema njema, mwenye kesi husema njema. Kisha mgeni hukaribishwa, hula, huzungumza ya huku na kule, na vikombe vinaporudi kwenye sinia ndipo mwenyeji hukohoa kidogo, akatazama mkeka, akasema: "Ila..." Baada ya ila hiyo ndipo hutoka kila kitu. Aliyeondoka kabla yake ameondoka bila habari.

Afisa alikuja. Alikuwa mwanamke wa makamo anayeitwa Surjit, Singasinga, wazazi wake watu wa Nakuru, yeye mwenyewe amekulia Southall. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni kwa nyanya yake, kifupi na cha amri, lakini alikileta chote alichonacho.

"Habari zenu?" aliita mlangoni.

"Njema!" ukumbi mzima ukaitikia.

"Iko shida?"

"Hakunaaa!"

Surjit akacheka, akavua koti. Muda si mrefu akavua na skafu, kisha sweta, akawa anajipepea kwa faili lake. Akamgeukia Msabaha na kumwuliza kwa Kiingereza kuhusu joto la ukumbi, maana ndilo lililoombewa msaada. Msabaha, ambaye alikuwa ameshika sahani ya mgeni mkononi, hangeweza kulijibu swali hilo kabla ya biriani kama vile asivyoweza kuvua viatu vya mgeni. "Baridi ipo nje, bibie," akasema kwa tabasamu pana. "Humu ndani tunamshukuru Mungu."

Surjit akaandika. Akala, akasifu pilipili, akacheka na kina mama. Kisha akatazama saa, akashtuka, akasema kuna kikundi kingine kinamngoja upande wa pili wa mji. Akavaa sweta, skafu na koti, akawapungia mkono. Kahawa ilikuwa ndiyo kwanza inamiminwa.

"Ila..." alisema Msabaha, buli mkononi.

Mlango ulikuwa umekwisha kufungwa.

Jioni ile kila mmoja alibeba hita yake. Ya Bi Mwanamwema ilikuwa nzito, na Msabaha akamwambia asihangaike nayo, atampelekea mwenyewe kesho. Akaiweka stoo.

Surjit alipiga simu siku chache baadaye. Aliishukuru biriani kwanza, jambo ambalo Msabaha aliliona dalili njema. Kisha akasema, kwa upole wa mtu anayeona haya, kwamba vikundi ni vingi na fedha ni haba, na kwamba kwa alivyoona, wao wanajiweza kuliko wengine. Kama kuna lolote alilokosea, tafadhali amwambie. Hapo mlango ulikuwa umefunguliwa kabisa, mtu amesimama kando kumpisha. Msabaha akaufunga.

"Hakuna neno, bibie," akasema. "Tunashukuru sana."

Chandrakant alipoyasikia haya aliweka kikombe chini asije akamwagikiwa. "Umempa biriani, umempa na ruhusa ya kutunyima! Mpigie tena."

"Nimwambieje? Kwamba nilimdanganya?"

"Mwambie tuna baridi. Maneno mawili, yakhe."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Msabaha alinyoosha tai yake. Kulikuwa na jambo ambalo hata Chandrakant hakulijua. Majira yake ya kwanza ya baridi katika mji huu, kijana aliyefika na shati la mikono mifupi, alipanga foleni chini ya kanisa moja walikogawa nguo. Mama mmoja alimchagulia koti zuri la sufi. Akamvisha kama mtoto, akamfunga vifungo mwenyewe mpaka shingoni, kisha akamshika mabega kumwelekeza kwa watu waliokuwa wamekaa kwenye meza, wenye kutoa. "Geuka kidogo," alimwambia, "wakuone." Wakamwona. Wakapiga makofi. Lile koti lilimfaa miaka mingi, hakuna aliyewahi kulilalamikia, lakini kule kugeuka hakukupata joto mpaka leo. Tangu siku ile aliapa kwamba hakuna atakayemwona tena akitetemeka. Akajifunza kutetemeka kwa ndani, chini ya tai.

Jumatano iliyofuata kiti cha Bi Mwanamwema kilikuwa kitupu. Na ile nyingine pia.

Msabaha akapanda treni mpaka Kilburn. Alimkuta amejikunyata kwenye kochi, blanketi juu ya blanketi, kichwa kimefungwa mtandio wa sufi, uso mdogo katikati kama kokwa ndani ya tunda. Chumba kilikuwa kimekaza kwa baridi. Mabomba ya joto ya ukutani yalikuwapo, lakini bibi huyu aliyafungua kwa nadra, kwa hofu ya bili.

"Shikamoo, Bi Mwanamwema."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watu wako hawajambo?"

"Hatujambo. Habari za hapa?"

"Njema, alhamdulillahi," alisema, na kikohozi kikamkamata kikamtikisa mpaka blanketi moja likaanguka. Akalivuta, akajifuta mdomo. "Njema tu. Barazani habari gani? Chandrakant bado anakula kwa watu wawili?"

"Bado."

"Mungu amzidishie. Hebu kaa kitako, nikutilie kahawa."

"Bi, usisumbuke, mie napita tu."

"Unapita unakwenda wapi? Kaa!"

Akakaa. Akamtazama akijikongoja mpaka jikoni, akasikia kikohozi kikimfuata huko na kurudi naye. Wakanywa. Wakazungumza juu ya bei ya samaki, juu ya mjukuu aliyefaulu mtihani, juu ya marehemu fulani aliyekuwa na sauti nzuri. Msabaha alikuwa ametulia kabisa. Aliulizia, akajibiwa njema. Angeweza kuondoka wakati wowote na kwenda kuwaambia watu kwamba Bi Mwanamwema hajambo, ana kikohozi kidogo tu.

Vikombe vikarudi kwenye sinia. Bi Mwanamwema akakohoa kidogo, safari hii si kwa maradhi, akatazama zulia.

"Ila," akasema.

Msabaha, aliyekuwa ameshaanza kuinuka, akakaa tena.

"Ila ile hita yangu, mwanangu. Ilikwenda arusini, naona bado haijarudi."

Msabaha aliitazama pembe ya chumba ambako zulia lilikuwa na alama ya miguu ya hita, mraba safi katikati ya sufi iliyochakaa. Akafikiria kwamba kama angekuwa mgeni wa desturi za nchi hii, mtu wa saa na faili, angekuwa ameshafika kituoni. Angekuwa ameandika: njema.

"Bi," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "una simu hapa?"

"Ipo. Usipige Unguja tu."

Alipopokea Surjit, Msabaha alikuwa amesimama wima, mkono mmoja umekamata tai. "Bibie," akasema, "siku ile uliondoka kabla ya kahawa." Kisha akamweleza. Hakupamba. Alimwambia juu ya hita, juu ya mazulia, juu ya vibandiko vya bei, na kadiri alivyosema ndivyo alivyoona kwamba kila sentensi ilikuwa na uzito kabla ya kutoka na haina uzito baada ya kutoka. Upande wa pili kikatoka kicheko ambacho hakikuwa cha dhihaka.

"Nyanya yangu," alisema Surjit, "alivunjika mkono, tukajua kwenye kikombe cha pili cha chai. Ningepaswa kukumbuka." Akaongeza: "Nitakuja Jumatano. Lakini safari hii, tafadhali, msiazime kitu. Wala msipike."

"La kutoazima nimekubali," alisema Msabaha. "La kutopika usitutukane."

Alipokata simu alimkuta Bi Mwanamwema akimtazama kwa macho ya mtu aliyekuwa akisubiri basi, na basi limefika. Jioni hiyo hiyo hita ilirudi kwake, imefunikwa kanga.

Jumatano ile Msabaha aliingia ukumbini kama mtu anayeingia bafu la maji baridi, hatua kwa hatua. Sakafu ilikuwa wazi na maungio yake yote yaliyobanduka. Wazee walikaa wamevaa makoti, na kila aliyesema alitoa moshi. Surjit aliingia, akataka kuvua koti kwa mazoea, akaliacha. Msabaha alihisi uso wake ukiwaka, joto pekee lililokuwamo, lakini alisimama pale pale, hakumkimbilia na zulia.

"Habari zenu?" Surjit aliuliza.

"Njema," wakaitikia.

Naye hakufungua faili. Alikaa. Alikula wali wake umeshapoa kabla ya nusu ya sahani, akanywa kahawa kikombe kimoja, akaongezwa cha pili, akangoja, mikono yake imekizunguka kikombe kama yao. Vikombe vikarudi kwenye sinia. Watu wote wakamgeukia katibu.

Msabaha akakohoa kidogo. Akatazama sakafu.

"Ila," akasema.

Boila mpya ilifungwa Machi haijaisha. Ilikuwa ya rangi ya maziwa, kimya kama paka, na Jumatano ya kwanza wazee waliizunguka kumpongeza fundi kana kwamba ameleta bibi arusi. Chandrakant aliweka kiganja juu ya bomba la ukutani, akafumba macho. "Yakhe," alisema, "leo nawasamehe bili zote. Mpaka ije nyingine." Makoti yalitundikwa kwenye misumari karibu na mlango, safu nzima, yamelegea mabega. Bi Mwanamwema, kikohozi kimempungua, alikaa kwenye kiti chake na kanga zake mbili tu, mikono nje, akimsimulia jirani yake jambo ambalo kwa dalili zote halikumhusu yeyote kati yao.

Surjit alikuja kusherehekea nao, safari hii amefuatana na mpiga picha wa kampuni, kijana mchangamfu wa Kiingereza aliyetaka picha ya kuwaonyesha wateja msaada wao umekwenda wapi. Kijana alimpanga huyu hapa, yule pale. Akatazama ndani ya kamera, akakunja uso. Kisha akamnong'oneza Msabaha ombi dogo: watu wakitazama picha hii hawataelewa kitu, wataona tu wazee waliokaa raha. Je, wangeweza kuvaa makoti yao? Na blanketi moja mbili mapajani. Dakika moja tu.

"Si lazima," Surjit alisema haraka, na hakuonekana kulipenda jambo lenyewe.

Lakini Msabaha alikuwa ameshaelekea kwenye misumari. Mtu aliyekaa miaka mingi amefunga mdomo, akiufungua huona utamu wake, na tangu ile simu ya Kilburn yeye alikuwa amekuwa bingwa wa kusema shida; majirani walikuwa wameanza kumkwepa. "Jamani, makoti!" aliita, akiyagawa. "Dakika moja! Si tulikuwa na baridi kweli? Hatusemi uongo. Na kampuni nyingine zikiona, kesho tutapata na jiko."

Chandrakant, ambaye hakukataa kitu maishani mwake, alikuwa ameshatia mkono mmoja. Wengine wakavaa wakicheka. Msabaha akalichukua la Bi Mwanamwema, koti zito jeusi, akamwendea nalo amelifungua.

"Haya, Bi."

"Haya nini?"

"Ya picha. Uvae kidogo tu."

"Mie sina baridi."

"Najua huna. Ni ya kuwaonyesha ilivyokuwa. Wale wametufanyia wema, Bi, nasi tuwafae. Nini kitatupungukia? Hebu geuka kidogo nikuvishe..."

Neno hilo lilipomtoka, mikono yake ilisita hewani, koti limening'inia baina yao. Mpiga picha aliinua kamera akangoja. Bi Mwanamwema hakugeuka. Alilitazama koti, akamtazama Surjit aliyesimama kando ya boila, kisha akamtazama Msabaha, taratibu, kuanzia tai mpaka machoni.

"Mwanangu," akasema, "mgeni huyu mara ya kwanza ulimdanganya kwa joto la kuazima. Leo unataka tumdanganye kwa baridi ya kuazima?"